Upungufu wa Kijiko

Tulimfukua Septemba, kabla ardhi haijaganda.
Makaburi ya Korsakov yako kilimani, yanatazama bandari,
na kaburi la baba lilitazama kuliko yote:
alipachagua mwenyewe, akapapima kwa hatua,
akasema, hapa nitaiona meli kabla yenu.

Meli haikuja.
Alikufa mwaka wa themanini na nane,
chini ya kitanda begi limefungwa tayari,
na ndani ya begi viatu vya safari
alivyovipaka rangi kila theluji ilipoyeyuka
na asivivae hata kwenda dukani.

Moto huzaa majivu, wasemavyo.
Maisha yake yote alichimba makaa
ili watu wa kisiwa cha Sakhalini waote moto;
kikohozi chake kilikuwa cheusi, na leso zake.
Zamu yake ilipofika, tukamtia motoni,
akatoka mweupe.

Uwanja wa ndege, binti wa forodha, kucha za zambarau:
"Nini hiki, mama?"
Nikamtolea muhuri wa hospitali, muhuri wa ubalozi,
na muhuri wa bwana aliyethibitisha ile mihuri miwili.
Sanduku ni la mbao, nikasema, mashine itaona ndani.
Mashine ikaona. Sijui iliona nini.
Uzito: kilo mbili na robo tatu.
Thamani: hapo kalamu ikanigomea.
Akaichukua, akaandika sifuri,
halafu kwa sauti ya chini, bila kunitazama:
"Ni utaratibu tu."

Tangu asubuhi ulimi wangu unajikwaa.
Yuko? Yapo? Limo?
Baba ni huyu, majivu ni haya, sanduku ni hili,
na wote watatu nimewapakata,
nimewafunga mkanda mmoja na mimi.
Mhudumu akaniuliza kama nataka chai ngapi.
Nikasema mbili.

Miaka arobaini na mitano alisubiri kivuko.
Ndege ilitumia muda wa saa tatu,
na robo yake ilikuwa kuzunguka mawinguni tukingoja zamu ya kutua.

Incheoni alinipokea kaka yangu Byung-ho,
mzee wa miaka sabini mwenye masikio ya baba.
Alikuwa tumboni siku walipomchukua baba kwenda mgodini;
mama yake alingoja kule, baba akangoja huku,
na mimi nikazaliwa katikati ya kungoja kwao.
Nilimsalimu kwa maneno niliyofunzwa jikoni.
Akacheka, akajifuta macho:
"Unaongea kama marehemu bibi."

Kisha akanyoosha mikono.
Mtu ambaye hajawahi kubebwa na baba yake
akambeba baba yake.
Alisimama hivyo mbele ya duka la simu,
watu na masanduku ya magurudumu wakimpitia pembeni,
akampima kidogo, juu, chini,
kama apimavyo mama mwana.
"Mwepesi," akasema.

Sikumjibu.

Niseme hapa, kwa kuwa yeye hasomi lugha hii.
Mama yangu Zinaida amelala bado kule kilimani.
Alijua tangu harusi kwamba ameolewa na abiria,
na kila jioni alimpikia hivyo hivyo.
Tulipomtoa baba, ubavuni mwake wa kushoto
likabaki pengo, udongo mbichi, mdomo wazi.
Usiku kabla ya mizani, kabla ya mihuri,
nilifungua sanduku kwa bisibisi ya mume wangu,
nikachota kijiko kimoja, cha chai,
nikampelekea mama.
Hakuna fomu iliyoniuliza.
Nchi mbili zimepiga mihuri juu ya baba yangu mzima
na mzima hayupo.

Kwa Byung-ho tulifika usiku.
Akavitoa vile viatu kwenye begi,
akavigeuza, akatazama soli ambazo hazijaona jiwe,
akaviweka mlangoni pamoja na vyetu,
ncha zikielekea ndani.